Tone la Kwanza Lifutwe: Kuwafundisha Wanaotibu na Wanaochunguza Upungufu wa Damu wa Malaria

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi: katika kikao hiki cha kupitia mtaala sitaeleza jinsi vimelea vya malaria vinavyopasua chembe nyekundu za damu, kwa sababu kila aliyeketi hapa ameshalifanyia mtihani somo hilo. Nitasema jambo ambalo baadhi yenu mmenisikia nikilisema kila ninapopewa kipaza sauti. Tunaanza kuwafundisha vijana wetu ugonjwa huu kwenye molekuli, ilhali makosa yanayomgharimu mtoto uhai huanzia kwenye ncha ya kidole.

Usiku mmoja wa masika nilikuwa zamu katika wodi ya watoto ya hospitali moja ya wilaya. Aliletwa mtoto wa miezi 14, viganja vimepauka, lakini akinyonya vizuri na kupumua bila taabu. Kijana aliyekuwa kwenye mafunzo kwa vitendo alimtoboa kidole, na kwa kuwa mkono ulikuwa wa baridi damu haikutoka. Akakiminya kidole kile kama anayekamua ndimu, akachukua tone la kwanza, lililochanganyika na spiriti na majimaji ya mwilini. Mashine ikasoma hemoglobini, yaani kile kinachobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu, gramu 3.6 kwa desilita. Tulikuwa na chupa moja tu ya damu ya kundi O, nami nilikwisha kuagiza itolewe kwenye jokofu.

Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, alimtazama mtoto anavyonyonya, kisha akaniomba ruhusa ya kurudia kipimo. Aliufumbata ule mkono mdogo hadi ukapata joto, akatoboa ubavuni mwa kidole cha pete, akafuta tone la kwanza kwa pamba kavu, akasubiri la pili lijae lenyewe pasipo kuminywa. Gramu 5.4. Chupa ile ikaenda kitanda cha pili, kwa mtoto aliyekuwa na gramu 3.8 na kifua kinachobonyea kila anapovuta pumzi. Mimi daktari nilikuwa nimesoma namba. Muuguzi alikuwa amemsoma mtoto, akaona kwamba namba haifanani naye. Stadi hiyo hufundishika, lakini haifundishwi kwa picha ukutani.

Msidhani ninasimulia habari za muuguzi hodari tu. Utafiti uliofanyika Uganda na Malawi kwa watoto zaidi ya 3,000, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba mtoto mwenye gramu 4 hadi 6 asiye na dalili za hatari, akifuatiliwa kwa makini na kuongezewa damu pale tu hali inapodai, hafi zaidi ya yule anayeongezewa papo hapo. Ulionyesha pia kwamba asiye na homa hunufaika akipewa mililita 30 za damu kwa kila kilo ya uzito, na mwenye homa huumia kwa kiasi hicho hicho, hivyo yeye apewe 20. Tazameni basi: kidole kilichominywa na kipimajoto kilichowekwa ovyo kwapani vinatosha kuharibu uamuzi wote. Tunawezaje kuviita vitu hivi kazi ndogo na kuwaachia wanafunzi wajifunzie kwa kubahatisha?

Wapo watakaosema kwamba mwanasayansi wa maabara ya utafiti hahitaji kujua kutoboa kidole. Ninapinga, na ninapinga kwa nguvu. Anayepokea namba kwenye kompyuta hawezi kukiona kidole kilichominywa. Atajenga nadharia nzima juu ya majimaji. Vivyo hivyo kwenye hadubini. Huko Siaya na Kilifi, nchini Kenya, watafiti walichunguza ile rangi nyeusi ya malaria, mabaki ya damu iliyoliwa na vimelea, iliyomezwa na chembe nyeupe, wakaihusisha na uboho unaoshindwa kutengeneza chembe nyekundu mpya, lakini fundi aliyefundishwa kuhesabu vimelea peke yake huipita rangi hiyo kila siku asiiandike popote. Mtafiti na tabibu wafundishwe pamoja, katika wodi moja, kwenye slaidi moja.

Muda unanibana, kwa hiyo la madini ya chuma nitaligusa tu. Kila mwanafunzi asimuliwe habari ya Pemba, ambako watoto wadogo waliopewa chuma na foliki asidi kila siku walilazwa au kufariki kwa wingi zaidi, kama asilimia 12, kuliko wasiopewa. Aliyeielewa habari hiyo hataandika chuma kwa mazoea pale malaria ilipokithiri bila kinga wala tiba ya karibu.

La mwisho ni nyumbani. Mtoto aliyelazwa kwa upungufu mkubwa wa damu huruhusiwa, mama hushukuru, nasi hufunga faili, ilhali miezi sita inayofuata ina hatari kubwa ya kurudi au kufa. Utafiti wa Kenya na Uganda ulitoa dawa ya malaria iitwayo dihidroartemisinini-piperakuini wiki ya 2, ya 6 na ya 10 baada ya kuruhusiwa, ukapunguza sana vifo na kulazwa tena, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kinga ya namna hiyo. Katika mtaala tunaoupitia leo ninaomba kila mwanafunzi, wa udaktari, uuguzi na sayansi, akabidhiwe watoto wawili walioruhusiwa, awafuate kwao wiki hizo tatu na kuwapima damu mbele ya mama zao. Nauli yao iingizwe kwenye bajeti mwaka huu, kabla hatujaagiza mashine nyingine.