Ujerumani Mbili, Foleni Moja: Ukomunisti na Ubepari Kwenye Nchi Iliyojaribu Vyote

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo nimesimama Grünau, pembezoni mwa Leipzig, upande uliokuwa Ujerumani Mashariki. Maghorofa haya nyuma yangu yalijengwa kwa mabamba ya zege yaliyotengenezwa kiwandani yakaja kupachikwa hapa. Mzanzibari akiyaona atakumbuka nyumba za Kikwajuni na Kilimani, na ana haki: zile pia zilijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964.

Najua huko nyumbani mjadala wa ukomunisti na ubepari ukianza hauishi. Mmoja anasema ubepari ni unyonyaji, mwenzake anasema ukomunisti ni kugawana umaskini, na mifano ni ile ile, Marekani na Cuba. Sasa jamani, Marekani na Cuba utazilinganishaje? Moja ni dola kubwa, nyingine kisiwa kilichowekewa vikwazo na huyo huyo mkubwa. Mimi napenda mfano wa hapa. Watu wale wale, lugha ile ile, kuna familia ndugu mmoja alibaki Mashariki na mwingine Magharibi. Mwaka 1949 zikazaliwa serikali mbili, na kwa miaka 40 kila moja ikaendesha uchumi kwa njia yake: Mashariki kwa njia ya Wakomunisti, Magharibi kwa ubepari.

Ila haki isemwe mapema. Hawakuanza sawa. Wasovieti waling'oa mitambo na hata reli za Mashariki kama fidia ya vita, wakati Magharibi ilipokea fedha za Mpango wa Marshall kutoka Marekani. Na wakubwa wa Mashariki wenyewe hawakudai kuwa wamefika kwenye ukomunisti. Walisema wako kwenye ujamaa, ukomunisti uko mbele ya safari. Kwa hiyo mtu akikuambia kila kilichotokea hapa kilisababishwa na mfumo tu, mwambie apunguze kidogo.

Haya, twende kwenye kiini. Hakuna nchi ambayo vitu vinamtosha kila mtu. Lazima kuwe na wa kupata na wa kukosa. Kwangu mimi tofauti ya mifumo hii miwili iko hapo: nani anaamua wa kukosa, na hesabu ikienda vibaya nani anaibeba hasara. Habari za wema na uroho tuziweke pembeni, waroho wapo pande zote.

Ubepari unatumia bei. Kitu kikiadimika bei inapanda, mwenye hela anachukua, asiye nazo anaondoka kimya kimya. Mashariki ilikuwa ni mpango. Tume ya Mipango pale Berlin iliamua kiwanda gani kitoe nini na kiasi gani, na bei zikapangwa serikalini. Mkate na kodi ya nyumba vilikuwa rahisi mno, kwa ruzuku. Rahisi kiasi kwamba kuna watu walilishia mifugo mkate, maana chakula cha mifugo kilikuwa shida kuliko mkate wenyewe. Mpangaji aliyeko ofisini hakukusudia hivyo, lakini bei aliyoiweka ndiyo iliyowaelekeza watu huko.

Sasa chukua gari. Trabant, kile kigari kidogo kilichotengenezwa Zwickau, bodi yake ya plastiki ngumu, injini inatoa moshi kama jiko la kuni. Bei yake ilipangwa, mfanyakazi wa kawaida angeweza kuikusanya. Tatizo lilikuwa foleni. Unaandikisha jina, halafu unasubiri miaka 10, 15, wengine zaidi. Watu waliwaandikishia watoto wao mapema ili wakifika utu uzima zamu nayo iwe imekaribia. Na hapa ndipo panaponichekesha: Trabant iliyotumika iliuzwa ghali kuliko mpya! Kwa nini? Kwa sababu ile iliyotumika unaondoka nayo leo. Serikali iliizuia bei kiwandani, ikatokea mlango wa nyuma. Uhaba ulikuwa pale pale, ila badala ya kulipa kwa fedha ulilipa kwa miaka ya maisha yako, au kwa kujuana na mtu.

Nije kwenye kahawa, maana hiki kisa kinatuhusu hata sisi Waafrika. Mwaka 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikapaa. Magharibi kahawa ikapanda bei madukani, watu wakalalamika, wenye kipato kidogo wakapunguza. Mashariki je? Kahawa inanunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni hazipo. Kupandisha bei waliogopa, maana mwaka 1953 mafundi ujenzi wa Berlin walipoongezewa kiwango cha kazi kwa mshahara ule ule walishuka barabarani, nchi nzima ikafuata, ikabidi vifaru vya Kisovieti vije kuzima. Kwa hiyo mwaka 1977 wakaleta mchanganyiko: kahawa asilimia 51, kilichobaki ni nafaka za kukaanga, njegere na vitu vya namna hiyo. Wananchi wakakasirika, barua za malalamiko zikamiminika serikalini.

Mnaona? Ni uhaba ule ule mmoja. Huku uliingia kwenye bei, kule uliingia kwenye kikombe.

Serikali ikahangaika. Ikaenda Ethiopia ya Mengistu, mtawala wa kijeshi wa wakati ule, ikatoa silaha ikapewa kahawa. Ndiyo, silaha. Halafu mwaka 1980 ikaingia mkataba na Vietnam, ikapeleka mashine na wataalamu kufungua mashamba ya mibuni, wagawane mavuno. Mbuni hauzai kesho, unataka miaka. Mavuno yalipoanza kuwa ya maana, Ujerumani Mashariki yenyewe haikuwepo tena duniani! Leo Vietnam ni ya pili kwa kuuza kahawa nje baada ya Brazil, na sehemu ya msingi ule iliwekwa na nchi iliyokuwa ikikimbizana na kikombe cha raia wake. Usiseme tena kwamba mpango wa serikali hauwezi kuzaa kitu. Unaweza, ila hauchagui wakati.

Magharibi nako tusikupambe. Juni 1948 walibadilisha sarafu, na Ludwig Erhard, aliyekuwa msimamizi wa uchumi huko, akaondoa udhibiti wa bei nyingi. Maduka yakajaa ghafla, kumbe vitu vilikuwepo, wafanyabiashara walikuwa wamevificha wakisubiri hela yenye thamani. Sisi tungewaita walanguzi. Bei zikapanda kwa kasi, na Novemba mwaka huo huo mamilioni ya wafanyakazi wakagoma kwa siku nzima. Ubepari uliofuata baada ya hapo haukuwa ule wa kila mtu ajijue. Mwaka 1951 ilipita sheria ya viwanda vya chuma na makaa ya mawe: wafanyakazi wapewe nusu ya viti kwenye bodi ya usimamizi. Bima ya afya ilikuwepo tangu 1883, enzi za kansela Bismarck, na Bismarck hakuwa mjamaa hata kidogo. Kwa hiyo anayesema Ujerumani Magharibi ilishinda kwa soko huria tupu, anasimulia nchi nyingine.

Na wanawake! Mashariki karibu kila mama alikuwa na kazi, na mtoto ana kituo cha kulelea. Magharibi, hadi 1977, sheria ilisema mke anaweza kufanya kazi nje mradi isiingiliane na majukumu yake ya ndoa na familia. Mwaka 1977, si zamani sana hiyo.

Lakini watu walikuwa wanakimbia kutoka wapi kwenda wapi? Hadi 1961 zaidi ya milioni 2.5 walikuwa wamehama Mashariki, wengi vijana, madaktari, mafundi, wahandisi. Hebu liangalie kama hesabu tu: Mashariki inagharamia masomo ya daktari, Magharibi inampokea akiwa tayari. Agosti 13, 1961 ukuta wa Berlin ukaanza kupanda. Ukizuia watu kuondoka unabaki na daktari, lakini umepoteza njia ya kujua kwamba mambo hayaendi, kwa hiyo unaanza kupeleleza. Kufikia 1989 idara ya usalama wa taifa ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000, bila kuhesabu watoa habari. Watu wote hao wanalipwa mshahara, na hawazalishi hata msumari.

Oktoba 1989 mkuu wa Tume ya Mipango, Gerhard Schürer, akawaeleza wakubwa wake ukweli: ili deni la nje lisiendelee kukua, hali ya maisha ingebidi ishushwe kwa asilimia 25 hadi 30. Hakuna aliyethubutu. Siku chache baadaye, Novemba 9, ukuta ukafunguka.

Hapo ndipo ubepari ulipoonyesha meno. Julai 1, 1990 watu wa Mashariki wakapewa sarafu ya Magharibi, marka, na mishahara ikabadilishwa marka moja ya Mashariki kwa marka moja ya Magharibi. Furaha kubwa. Lakini kiwanda kilichozoea kuwauzia nchi za kambi ya Mashariki sasa kinadai marka ngumu, na wateja hawana. Wenyeji nao walitaka bidhaa za Magharibi. Shirika la kubinafsisha, Treuhand, lilipokea maelfu ya viwanda vyenye wafanyakazi takriban milioni 4. Lilipofunga hesabu mwisho wa 1994, ajira zilizobaki zilikuwa kama milioni 1.5. Wanunuzi wengi walitoka Magharibi. Wazee wa hapa hawataki ukuta urudi, lakini ukitaja Treuhand nyuso zinabadilika, na mimi nawaelewa. Bei ilisema ukweli kwamba viwanda vingi vilikuwa hoi. Haikusema mtu wa miaka 50 aende wapi.

Na kuna waliobeba hasara ambao hata hapa hawatajwi sana. Kuanzia 1979 Msumbiji ilileta vijana wake, takriban 20,000, kufanya kazi kwenye viwanda hivi vya Mashariki. Sehemu ya mishahara yao ilikatwa kila mwezi, wakaambiwa wataikuta kwao. Fedha ile ikatumika kulipia deni la Msumbiji kwa Ujerumani Mashariki. Viwanda vilipofungwa wakarudishwa Maputo, na hadi miaka ya karibuni walikuwa bado wanaandamana wakidai jasho lao. Kwenye mpango wa ndugu wajamaa waliandikwa kama malipo ya deni, na soko lilipofika halikuwa na kazi nao. Hao nitawatengenezea video yao peke yao. Haya, tuonane.