Juisi mkishaichuja, kilichobaki nini?

Assalaam alaykum. Haya nshayasema sana na leo narudia, mana Ramadhani iko mlangoni na kila nyumba ikifika laasiri brenda inanguruma.

Tushike chungwa tu. Ule uweupe wa ndani ya ganda na zile ngozi za vipande, mnavichambua vyote mnatupa, ati vichungu. Jamani, humo ndimo ilimojaa hesperidini! Ni katika jamii ya flavonoidi, vitu ambavyo mti unajitengenezea wenyewe, na watafiti wanaviangalia mana vinaonesha dalili ya kusaidia mishipa ya damu. Sisemi dawa, nasema dalili. Sasa nyie mnakamua, mnapitisha kwenye chujio, hamjaridhika mnarudia kwa kitambaa ili iwe laini, nyuzi zote zimebaki juu, alafu upawa wa sukari ndani ya jagi. Vitamini C imo, sikatai, na hesperidini kidogo imo, lakini nyingi ishakwenda na makapi kwa kuku.

Najua kuna mtu hapo anasema moyoni, sukari ya tunda haina neno. Ina neno! Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 limeihesabu sukari ya juisi pamoja na hii ya dukani, na kwa mtu mzima wa kawaida zote kwa siku zisizidi kama gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai. Chungwa ukilitafuna, nyuzi zinaichelewesha sukari kuingia damuni, na nani anakaa akala machungwa matano kwa mpigo? Lakini gilasi yake unaimaliza na adhana haijesha. Mwaka 2013 watafiti wa Harvard walitoa matokeo ya wafanyakazi wa afya wa Marekani waliofuatiliwa miaka mingi, wanaokula matunda mazima, zabibu na maepo hasa, kisukari kiliwapata kwa uchache, wa juisi kila siku kikawapata zaidi. Basi mwanitakia nini tena? Kuleni tunda! Na ukitaka juisi saga, usichuje, usitie sukari, gilasi ndogo.

Rozela na zambarau haraka haraka, ule wekundu na uzambarau wake ni anthosiyanini, rangi ya mmea katika jamii ile ile ya flavonoidi, na rozela imeonekana kushusha presha kidogo, lakini isiyo sukari.

Balungi hili msiondoke hamjalisikia. Mwaka 1991 kule Kanada, mtafiti David Bailey na wenzake walionesha kuwa juisi yake inaipandisha dawa ya presha ya felodipini mwilini kupita kiasi. Furanokumarini zake, yaani kemikali za asili zilizomo humo balungini, zinazuia kimeng'enya cha utumbo kinachoivunja dawa, na dawa ya kolesteroli ya simvastatini nayo imo. Kusema ntakunywa asubuhi dawa nimeze usiku hakusaidii, athari inapita siku nzima.

Stafeli na ubuyu siwahi, muda ushakwisha. Mwenye dawa zake za presha aje nazo hapa mbele na paketi yake, tutizame jina.