Kompyuta ndani ya tangi la mafuta: tunaanza na hesabu, tunamaliza na rejeta

Habari zenu wakuu, karibuni tena mezani. Leo mezani pana tangi la samaki lisilo na samaki. Hili hapa: la kioo, urefu sentimita 60, upana 30, kina 36. Ndani yake tutazamisha kompyuta, yaani mazabodi (bodi kuu), prosesa (ubongo wake), ramu na kadi ya picha, halafu tutaiwasha humo humo ndani ya mafuta.

Najua wengi mmeomba video hii baada ya kuona picha za mashine zinazoogelea kwenye taa za buluu. Sawa, zinapendeza. Mimi sababu yangu ni nyingine. Naishi karibu na bahari, na hewa ya huku ina chumvi, unyevu na vumbi. Feni inavuta vyote vitatu na kuvipaka kwenye bodi. Dogo, leta kamera huku. Mnaiona pini hii? Imeota ukungu wa kijani, na mashine yenyewe haijamaliza miaka miwili. Ikiwa ndani ya mafuta, hewa haiifikii.

Kabla hujashika bisibisi, kuna jambo moja tukubaliane, maana ndilo litakaloamua kila tutakachofanya. Mafuta hayapoozi kitu. Mafuta yanabeba joto, basi. Yanalitoa kwenye prosesa na kwenda nalo, na usipoyatengenezea pa kulitua, yatakaa nalo.

Tangi langu la kwanza nililijenga bila kulijua hilo. Niliwasha saa mbili usiku. Saa tatu prosesa ilikuwa na nafuu ambayo haijawahi kuiona kwenye feni, nikapiga picha, nikawatumia jamaa, nikasifiwa. Kufika saa tano na nusu kioo hakishikiki.

Ukitaka kuona wenzetu walivyolimaliza hili, toka nje utazame transfoma iliyoko nguzoni mtaani kwako. Ndani yake mna mafuta. Sasa angalia ubavuni: ina mbavu au mabomba yaliyopinda. Yale si mapambo, ndiyo rejeta yake. Watu wa kompyuta nao wameanza zamani. Mwaka 1985 mashine ya Cray-2 huko Marekani ilikuwa imezamishwa katika kimiminika maalumu, na mwaka 2013 kompyuta ya TSUBAME-KFC ya Tokyo, iliyozamishwa kwenye mafuta, ilishika nafasi ya kwanza duniani kwa matumizi mazuri ya umeme katika orodha ya Green500.

Haya, kalamu na karatasi. Tangi hili nitalijaza hadi sentimita 27, na ukitoa nafasi inayoliwa na vifaa, naingiza lita 45 hivi. Lita moja ya mafuta ina uzito wa gramu 850 au karibu na hapo, kwa hiyo hizi ni kilo 38 za mafuta peke yake, bado kioo. Meza ya plastiki isahau. Kila kilo inameza kilojuli 1.9 ili ipande nyuzi moja, basi tangi zima linataka kilojuli 72 hivi. Mashine yangu ikifanya kazi nzito inatoa wati 300 ndani ya mafuta. Gawanya: mafuta yanapanda nyuzi moja kila dakika 4. Dakika 80, nyuzi 20. Ndiyo maana saa ya kwanza kila mtu anajiona fundi.

Kuta za kioo nazo zinatoa joto kidogo. Kwa makadirio yangu tangi la ukubwa huu linatoa wati 6 au 7 kwa kila nyuzi ambayo mafuta yameizidi hewa ya chumba. Chumba changu ni nyuzi 30, na mafuta sitaki yavuke 50. Tofauti ni 20, kwa hiyo kioo kinanisaidia wati 130. Nimeingiza 300. Zile 170 zilizobaki lazima zipite kwenye rejeta. Wewe wa Arusha au Nairobi, chumba kikiwa nyuzi 22, una unafuu ambao sisi wa pwani hatuna. Piga hesabu ya kwako, usinakili ya kwangu.

Sasa mafuta yenyewe, na hapa naomba msikilize vizuri. Tunayotaka ni mafuta ya madini, meupe, membamba, yasiyo na harufu. Duka la dawa yanaitwa likwidi parafini. Lakini duka la kawaida, hasa Kenya, ukisema parafini unaletewa mafuta ya taa. Haya ni mambo mawili tofauti kabisa! Mvuke wa mafuta ya taa unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 38 hivi, na sisi tutakuwa tunaendesha kwenye 50. Ukimtuma mtoto dukani, umetengeneza bomu sebuleni. Nenda mwenyewe, soma chupa.

Mafuta mapya ya transfoma yanafaa pia. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60296 kinataka yasishike moto chini ya nyuzi 135, na yahimili volti 30,000 kwenye upenyo wa milimita 2.5. Kompyuta yako ndani ya tangi inatumia volti 12. Nimesema mapya. Yale ya bei ya kutupa, ya kwenye dumu, yasiyojulikana yametoka nguzo gani, usiyaguse: kuna transfoma za zamani zilizokuwa na kemikali za PCB, na hizo zinaleta saratani. Kando ya hilo, aliyeyachota kaacha mtaa gizani. Mafuta ya kula nayo hapana. Yanafanya kazi wiki mbili tatu, halafu yanachacha, na hakuna anayetaka kompyuta inayonuka kama karai la jana.

Na maji? Maji yanabeba joto zaidi ya mara mbili ya mafuta kwa lita ile ile, lakini hayafai kugusa bodi, mnajua kwa nini.

Tujenge. Tangi kwanza lijazwe maji matupu, likae usiku kucha juu ya magazeti. Asubuhi ukikuta gazeti kavu, mwaga, kausha kwa kitambaa, kisha lianike siku mbili. Usiharakishe hapa. Tone la maji ni zito kuliko mafuta, litazama na kukaa chini likikusubiri. Kwa sababu hiyo hiyo bodi yangu haigusi sakafu ya tangi. Nimekata kipande cha akriliki, nikakipa miguu ya sentimita 3, na mazabodi nimeifunga humo kwa skrubu ikiwa imesimama, matundu ya USB na ya skrini yakitazama juu. Mafuta yataishia chini kidogo ya midomo ya matundu hayo, ili nisilazimike kuzamisha mkono kila ninapochomeka flashi.

Vya kuzamisha: mazabodi, prosesa na hitisinki yake (kile chuma chenye mapezi kinachoitoa joto), ramu, kadi ya picha, SSD (diski isiyozunguka). Visivyozama: hadidiski ya kawaida, kwa kuwa ina tundu la kupumulia na mafuta yataingia hadi kwenye sahani. Pawasaplai, yaani kisanduku kinacholisha mashine umeme, mimi naiacha nje. Wapo wanaoizamisha na inafanya kazi, ila ndani yake umeme wa ukutani, volti 230, unaingia moja kwa moja, na mikono yangu inaingia kwenye tangi hili mara kwa mara. Ibaki nje, na waya wa ardhi uwe umeunganishwa kweli kweli, siyo ule wa kuning'inia.

Pesti ya joto iliyo chini ya hitisinki mafuta huilamba taratibu. Mimi naifuta, naweka karatasi ya grafaiti. Feni ya prosesa naiacha hapo hapo. Ndani ya mafuta itazunguka kwa uchovu, kama feni ya ukumbi wa mahakama, lakini inasukuma mafuta kati ya mapezi ya hitisinki, na mafuta mazito hayapiti humo kwa hiari yao. Ingia kwenye bayosi (mipangilio ya mashine kabla haijawaka kamili) uzime onyo la feni inayokwenda polepole, la sivyo mashine itagoma kuwaka. Kadi ya picha hivyo hivyo. Stika zote bandua sasa, kabla hazijabanduka zenyewe na kuziba pampu.

Tunafika kwenye nyaya, na hapa nataka kamera isogee hadi mnione kucha. Waya huu kwa nje ni plastiki, kwa ndani ni nyuzi nyembamba za shaba zilizosokotwa. Kati ya nyuzi na nyuzi kuna uwazi mdogo, na mafuta hupanda humo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Yakishapanda hadi ukingoni, waya ukishuka nje chini ya usawa wa mafuta ya tangi, umejitengenezea bomba. Tangi lile la kwanza lilinifanyia hivyo: kuamka asubuhi, mkeka chini ya meza umelowa, na hakuna ufa popote. Tone lilikuwa linatoka kwenye plagi ya pawasaplai.

Dawa yake ni hii. Kila waya unaotoka kwenye tangi naukata juu ya ukingo, naumenya sentimita 2 kila upande, na katikati naunga kipande cha shaba nene, unyuzi mmoja usiosokotwa, kwa risasi ya kuchomelea. Uwe mnene wa kutosha kubeba umeme wa waya huo. Risasi ikiingia vizuri inaziba zile nyuzi. Halafu kiungo chote nakifunika kwa gundi ya epoksi. Nyaya 24 za plagi kubwa, na 8 za prosesa, moja moja, bila kuchanganya rangi. Jioni nzima imeishia hapo, na mgongo unauma hadi sasa. Anayeona uvivu aiweke pawasaplai juu zaidi ya tangi, nyaya zipande tu bila kushuka. Inasaidia, ila haizibi.

Rejeta yangu ni ya kupoozea mafuta ya gia ya gari, ile ndogo, nimeinunua kwenye spea za mtumba, nikaifunga feni mbili za kompyuta. Isafishwe kwa petroli nje, mbali na moto, ikauke kabisa. Pampu ni ya gia, ya volti 12, iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta. Ile ya tangi la samaki imezoea maji, hapa itachoka. Nahitaji lita 3 kwa dakika. Kwa mwendo huo mafuta yanaingia kwenye rejeta na kutoka yakiwa yamepungua nyuzi 2 tu, na msizidharau: nyuzi 2 kwa lita 3 kila dakika ni wati 160 hivi, karibu kabisa na zile 170 zetu. Mpira utumie ule wa mafuta wa gari. Ule laini unaopitisha mwanga utakuwa mgumu kama kijiti baada ya miezi michache, kwani mafuta yananyonya kinachoulainisha.

Kioo sikitoboi. Mipira yote inapita juu ya ukingo. Wa kuvuta unaingia sentimita 5 tu chini ya uso wa mafuta, yaliko ya moto. Wa kurudisha unashuka hadi chini, mdomo wake ukiitazama hitisinki. Huu wa kurudisha nimeutoboa tundu la milimita 3, chini kidogo ya uso wa mafuta. Kwa nini? Kiungo kikichomoka nje, mafuta yatarudi kinyume kupitia mpira huo na kumwagika hadi yaishe. Yakishuka kidogo tu, tundu linavuta hewa, mtiririko unakatika. Tundu la milimita 3 limeokoa lita 40.

Mimina polepole, kwenye kona, siyo juu ya bodi. Viputo viacheni vipande vyenyewe, nusu saa inatosha. Washa pampu kwanza, hakikisha mafuta yanarudi, ndipo uwashe kompyuta. Funika tangi kwa kipande cha akriliki kuzuia unyevu na mijusi. Ndiyo, mijusi.

Jambo la kuwaambia mapema: dhamana ya vifaa imekwisha leo, na siku ukitaka kuviuza, mnunuzi atanusa. Mafuta hayatoki yote kwenye soketi hata ukining'iniza bodi siku tatu. Na yakichakaa yapeleke gereji wanakokusanya oili chafu, usimwage mtaroni.

Sasa tunaiwasha kwa kazi nzito. Saa moja na robo jioni, chumba nyuzi 30, mafuta nyuzi 30. Dogo, zima kamera.

Tumerudi, saa tatu na nusu. Mafuta 46, prosesa 62. Tusubiri tena.

Saa sita kasoro. Mafuta 48, prosesa 64. Saa saba, 48 na 64. Nimepitisha tishu chini ya kila kiungo cha waya, hii hapa, kavu. Mkeka nao mkavu.