Kadi ya harusi inakatwa?

ZUHURA: Karibuni tena mezani kwetu, kwenye kipindi cha kutengeneza kadi kwa mkono. Leo tuna kutia kivuli kwa makapeni, kuchagua mabaki ya karatasi, halafu gundi. Ila kaka Elia, ile kadi ya Idi nimeshampelekea mama jirani.

ELIA: Yenye msikiti?

ZUHURA: Hiyo hiyo. Kuba niliikata kwenye kadi ya mchango, ile ya dhahabu. Mama akaisogeza dirishani, akaniuliza, "Hii si kadi ya harusi ya mwanangu?"

ELIA: Dada Zuhura! Umekata harusi ya mtoto wake ukampelekea mwenyewe?

ZUHURA: Alifurahi. Aliitazama muda mrefu sana.

ELIA: Kutazama muda mrefu siyo kufurahi.

ZUHURA: Mchango nilitoa, sherehe nilihudhuria, karatasi nzito namna ile niitupe?

ELIA: Uitunze! Ina majina ya wazazi wa pande zote mbili. Zangu zote zimo sandukuni.

ZUHURA: Nani anazifungua?

ELIA: Kuna kadi ya Krismasi aliyoagiza Henry Cole kule London, 1843. Zilichapwa kama 1,000, zikapakwa rangi kwa mkono. Zilizopo leo zipo kwa sababu kuna watu walizihifadhi nzima.

ZUHURA: Yangu ilikuwa kwenye droo. Sasa iko sebuleni kwa mama wa bibi harusi.

ELIA: Kipande chake! Bwana harusi yuko wapi?

ZUHURA: Majina sigusi. Nakata pembeni, kwenye maua na mapambo.

ELIA: Na minara?

ZUHURA: Kadi ile ile, nimeigeuza. Mbele kunang'aa, wino wa makapeni ya spiriti haunyonywi, ukipitisha kidole unafutika. Nyuma hakung'ai, rangi inakaa. Nilipaka kijivu chepesi mnara mzima, kijivu kizito ukingo ulio mbali na mwanga, halafu nikarudi na chepesi pale zinapokutana, kabla wino haujakauka. Mstari kati ya rangi mbili ukayeyuka, mnara ukaonekana mviringo.

ELIA: Kabla ya kubandika?

ZUHURA: Kabla. Wino ule unapenya, ungetia doa kadi ya chini.

ELIA: Kivuli nakupa, kimekaa vizuri. Lakini manila ingeufanya mnara huo huo bila kugusa harusi ya mtu.

ZUHURA: Manila haina dhahabu. Wala mama asingeisogeza dirishani.

ELIA: Mama ni muungwana, hakutaka kukuaibisha mlangoni.

ZUHURA: Unamsemea mtu ambaye hukumwona uso!

ELIA: Nimewahi kupokea kadi. Harusi ya kaka yangu ikija kwangu imekuwa kuba, nitaumia.

ZUHURA: Mimi ningelia kwa furaha.

ELIA: Hapo hatukutani.

ZUHURA: Hatukutani. Fundi mitambo ananionyesha vidole viwili, dakika mbili. Gundi hatujaigusa kabisa!

ELIA: Waambie la kijiti tu.

ZUHURA: Karatasi nyepesi tumieni gundi ya kijiti, ya maji inaikunja. Mabaki tutayachambua wiki ijayo.

ELIA: Mabaki ya manila.

ZUHURA: Ya kila kitu, Elia!