Kukata Biri: Kikatio, Kofia na Mahali pa Kupitisha Wembe

Rehema: Karibuni tena kipindini. Leo tuna kifaa kinachoenea kwenye kiganja, lakini kikikosea, biri ya kuvutwa saa nzima inaharibika kwa sekunde moja. Ni kikatio cha biri. Kaka Bakari, karibu.

Bakari: Asante, dada Rehema. Kwanza tuelewane kuhusu biri yenyewe. Tunazungumzia ile nene, wengine huiita siga, iliyosokotwa kwa majani ya tumbaku matupu, bila karatasi na bila kichungi. Upande wa kuvutia umezibwa, kwa hiyo lazima uufungue kabla ya kuwasha. Kikatio kipo kwa kazi hiyo tu.

Rehema: Umezibwa na nini hasa? Naona wengi wanakata bila kujua wanakata kitu gani.

Bakari: Biri ina majani ya ndani, ambayo ndiyo mwili wake. Yanafungwa na jani la kufungia, halafu juu kabisa linakuja jani la nje, lile laini linalong'aa kidogo. Jani la nje huzungushwa kwa mshazari kutoka mguuni, yaani upande wa kuwasha, mpaka kichwani. Likifika kichwani, ncha yake hushikizwa kwa kipande kidogo cha jani na gundi ya mimea. Kipande hicho ndicho kofia. Biri nyingi za Kuba huwekewa kofia za tabaka tatu. Kwa hiyo kofia ni fundo. Ukiondoa fundo lote, jani la nje linaanza kufunguka kama kamba iliyokatwa mwisho wake.

Rehema: Basi tunatafuta mahali pa kufungua njia ya moshi huku fundo likibaki.

Bakari: Hapo hapo. Ishike biri karibu na mwanga, izungushe taratibu. Utaona mstari mwembamba sana unaozunguka kichwa, pale ukingo wa kofia unapokutana na jani la nje. Juu ya mstari huo kichwa kinapinda kama kuba, chini yake ubavu unanyooka. Pale kunapoanzia mpindo tunapaita bega. Mkato upite juu ya bega, milimita 2 hivi kutoka kileleni. Usishuke chini ya mstari.

Rehema: Milimita 2 ni ndogo sana kwa anayekata kwa mara ya kwanza. Mkono unataka kukata zaidi.

Bakari: Na kosa hilo halirudishiki. Ukikata kidogo mno, unaongeza. Ukizidisha, kofia imekwenda. Kata kidogo, kisha vuta hewa kabla ya kuwasha. Ikipita kwa ulaini, basi. Ikiwa ngumu, ongeza nusu milimita, ujaribu tena.

Rehema: Tuje kwenye vikatio. Kinachoonekana zaidi ni gilotini, kile chenye tundu katikati na pete za vidole pembeni.

Bakari: Hapo kuna yenye wembe mmoja na yenye nyembe mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Wembe mmoja ukishuka, unaisukuma biri mpaka ibanwe kwenye ukuta wa upande wa pili. Kwa hiyo upande mmoja unakatwa na mwingine unapondwa. Tazama mkato wake: mwanzoni ni safi, mwishoni jani limechanika au limevutwa nje. Nyembe mbili zinaingia kutoka pande zote mbili na kukutana katikati, kila moja ikiwa egemeo la mwenzake. Biri haina pa kukimbilia, kwa hiyo inakatwa kweli. Kama unanunua kimoja tu cha kukaa nacho miaka, nunua gilotini ya nyembe mbili.

Rehema: Na ukubwa wa tundu? Watu hununua kikatio kizuri, kisha biri inagoma kuingia.

Bakari: Unene wa biri hupimwa kwa ringi, na ringi moja ni sehemu moja ya 64 ya inchi. Biri ya ringi 64 ina kipenyo cha inchi nzima, yaani milimita 25.4. Ringi 50 ni karibu milimita 20, ringi 60 ni karibu 24, na ringi 42 haifiki 17. Vikatio vingi vya zamani na vya bei ya chini huishia kwenye ringi 50 na kitu. Ukivuta biri nene, pima tundu likiwa limefunguka lote, lisipungue milimita 24. Ni kweli kwamba kichwa kimepinda na unaweza kuingiza ncha tu, lakini biri isipokaa katikati ya tundu, mkato unatoka mshazari.

Rehema: Nikiwa nimekishika dukani, nikijaribuje?

Bakari: Kifunge polepole. Nyembe zikutane bila kukwaruzana na bila kuruka. Kifunge nusu, ukiinue kwenye mwanga, utazame nafasi kati ya nyembe moja na nyingine pale zinapopishana. Ukiona mwanga unapenya, tumbaku itaingia hapo badala ya kukatwa. Halafu tikisa kila wembe kwa kidole cha gumba, juu na chini. Wembe unaocheza leo, baada ya miezi utacheza mara mbili yake. Mwisho ningepitisha ukingo wa karatasi nyembamba, kama ya gazeti. Makali mazuri huikata bila kuikunja.

Rehema: Hilo la karatasi kukunjwa nalipenda, kwa sababu ndilo linalolipata jani la nje.

Bakari: Ni kitu kilekile. Jani la nje ni jembamba, halina nguvu ya kusimama mbele ya wembe butu, kwa hiyo linafuata wembe badala ya kukatika. Karibu kila kosa la kukata biri linatokana na kusukuma pale palipotakiwa kukata. Kuhusu chuma, tafuta aina iliyotajwa jina. Chuma cha pua cha 440C, kilichokomazwa vizuri kwa moto mpaka kufikia 57 hivi au zaidi kwenye Rockwell, kipimo cha ugumu wa chuma, kinashika makali muda mrefu na hakipati kutu haraka. Kasha likiandika tu "chuma cha hospitali" halijakwambia kitu, maana maneno hayo hayataji aina yoyote. Baadhi ya watengenezaji hukubali kunoa au kubadilisha nyembe zilizochoka. Uliza kabla ya kununua.

Rehema: Sasa tukate. Nina gilotini ya nyembe mbili na biri ya ringi 50 yenye kichwa cha mviringo.

Bakari: Shika biri kwa mkono usio na kikatio, vidole viwe karibu na kichwa ili isiyumbe, lakini usiiminye. Ingiza kichwa kwenye tundu. Funga nyembe taratibu mpaka ziguse tu kofia. Simama hapo. Tazama kwa upande, nyembe zimelala sawa au zimeinama? Zipo juu ya mstari? Zikiwa sawa, bana mara moja, haraka na kwa nguvu ya kutosha, mpaka mwisho. Usisitesite njiani. Ukibana polepole, kofia inapata muda wa kuingia ndani na kupasuka pembeni.

Rehema: Kwa hiyo polepole mpaka kugusa, halafu haraka.

Bakari: Ndiyo. Na mkono ulioshika biri utulie kabisa. Wapo wanaoivuta biri huku wakibana, na jani linanyofoka. Baada ya hapo igeuze kichwa chini, uigonge kidogo kwa kidole, chembe zidondoke. Zikidondoka nyingi, wembe umeanza kuchoka au biri imekauka.

Rehema: Kuna njia ya kulaza kikatio mezani.

Bakari: Ni njia nzuri kwa anayeogopa kuzidisha. Fungua gilotini, ilaze juu ya meza iliyonyooka, simamisha biri ndani ya tundu, kichwa chini mpaka kiguse meza, kisha bana. Meza inazuia biri isishuke, kwa hiyo unakata milimita chache tu. Lakini inataka kikatio chembamba. Kikiwa na mwili mnene, wembe uko juu sana kutoka mezani. Na usiitumie kwa biri ya kichwa chenye ncha.

Rehema: Hiyo ya ncha, ile ya umbo la piramidi, inakatwaje?

Bakari: Hapo mpindo ni mrefu, kwa hiyo una nafasi zaidi. Anza na milimita 5 au 6 kutoka kwenye ncha, jaribu mvuto, ongeza kidogo kidogo. Uzuri wa biri hii ni kwamba wewe ndiye unayepanga upana wa njia, kwa sababu kila milimita unayoshuka inapanua duara. Gilotini ya nyembe mbili inaifaa sana. Kitoboleo hakifai kabisa, hakina pa kukaa.

Rehema: Kitoboleo ni kile kibomba kidogo chenye makali, wengine hukitundika kwenye funguo.

Bakari: Kiweke katikati ya kofia, gandamiza kidogo sana, zungusha kulia na kushoto mara tatu au nne mpaka kizame kama milimita 3, kisha kitoe huku ukizungusha. Kikisukumwa moja kwa moja bila kuzungushwa, kofia inapasuka kama ganda la yai. Kipande kilichobaki ndani ya kibomba kitoe palepale. Kikikauka humo, ni kazi nyingine.

Rehema: Kizuri chake kofia inabaki karibu yote.

Bakari: Ndiyo, na chembe haziingii mdomoni. Lakini tupige hesabu. Tundu la milimita 9 kwenye biri ya ringi 50 ni kama sehemu moja ya tano ya eneo la biri. Moshi wote unapita kwenye mlango huo. Unakuwa wa moto zaidi, na lami pamoja na unyevu vinakusanyika ukingoni. Ukipita nusu ya biri, ladha inaweza kuwa chungu. Kwenye ringi 60 inazidi. Na kwa biri nyembamba ya ringi 42, tundu lilelile linaacha chini ya milimita 4 kila upande, na kofia ni rahisi kupasuka. Hapo tumia cha milimita 7. Uchungu ukikushika katikati ya safari, futa kichwa, kisha kata kwa gilotini juu ya mstari kama kawaida. Biri inaendelea.

Rehema: Na kikatio cha V?

Bakari: Kinachonga mfereji badala ya kuondoa kilele chote. Mfereji una kuta mbili, kwa hiyo njia ya moshi ni pana huku kofia ikibaki pembeni. Kosa lake moja ni mkono mzito. Biri ikisukumwa kwa nguvu ndani ya kikombe chake, mfereji unazama mno, na kwenye biri nyembamba unaweza kuvuka bega. Ikalishe tu, usiigandamize. Kumbuka pia kwamba wembe uliokunjwa ni mgumu kunoa nyumbani, kwa hiyo hapa ubora wa chuma unahesabika zaidi.

Rehema: Mkasi?

Bakari: Mkasi wa biri wenye midomo iliyopinda ni mzuri ukiwa na mkono uliozoea. Msumari wake ukilegea, umekwisha.

Rehema: Na aliyeachwa bila kikatio?

Bakari: Wembe mpya wa kunyolea. Zungusha biri huku ukichora duara jepesi juu ya kofia, kisha inua kile kifuniko. Kuchora, si kukatakata. Meno yaache, hayakati, yanaponda.

Rehema: Biri kavu inapasuka hata kikatio kikiwa kipya.

Bakari: Itunze kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70, jani linabaki na unyumbufu. Kama imekauka kidogo, chovya kidole kwenye maji, upake kofia tu, subiri nusu dakika, ndipo ukate. Usiilambe kama kikatio ni cha kushirikiana. Na jani la nje likianza kufunguka, weka tone dogo la gundi ya pektini, ile inayotokana na matunda, chini ya ukingo wake, shikilia kwa dakika moja.

Rehema: Usafi wa kikatio chenyewe?

Bakari: Utomvu wa tumbaku unanata, na ukiganda kwenye nyembe unazifanya zikwame hata kama makali bado yapo. Kila baada ya biri chache, futa kwa kitambaa laini chenye spiriti, acha ikauke kabisa. Usitie mafuta ya mashine, harufu itahamia kwenye biri. Kama kinakwama, tone moja la mafuta ya madini ya kiwango cha chakula kwenye njia ya wembe, kisha ufute. Ile mbinu ya kukata karatasi ya aluminiamu mara kadhaa husaidia kuondoa uchafu na vijimeno vidogo vya ukingoni, ila wembe uliokufa haiufufui.

Rehema: Swali la mwisho. Mtu ana wageni wanne, anataka kukata biri zote mapema aziweke tayari.

Bakari: Azikate wanapokaa. Kichwa kikifunguliwa, majani ya ndani yanaanza kukauka kutoka pale kwenye mkato, na anayevuta anasikia ukavu huo kwenye midomo kwanza. Awape biri nzima pamoja na kikatio, kila mmoja akate milimita 2 zake, ajaribu mvuto, ndipo moto upite.