Bei Imesimama, Fungu Limetembea

Assalaam alaykum, wazee wangu na ndugu zangu. Nimeombwa nizungumzie bei za sokoni, na najua baadhi yenu mmekuja kusikia nani alaumiwe. Mimi nitazungumzia fungu.

Nenda Darajani, soko la Unguja mjini lililofunguliwa mwaka 1904, upite nje penye mboga. Tungule, yaani nyanya, zimepangwa juu ya gunia, nne chini, moja juu. Unauliza, unaambiwa elfu. Mvua zikinyesha wiki mbili, urudi: elfu ile ile. Ila chini ziko tatu, na ile ya juu imelazwa ubavu, ufa wake usiuone. Bei imesimama, fungu limetembea. Na mchuuzi hajakudanganya, maana kilo hakuitaja tangu mwanzo.

Wapo wanaotaka kila kitu kipimwe kwa mizani. Nyama, sawa. Mchele, sawa. Lakini mwenye mia tano mkononi, mizani itamkatia nusu tungule? Anayekula kwa kipato cha kutwa anataka kujua kwamba noti yake itamtoa na mchuzi, hata ukiwa mwepesi. Ndiyo maana ukimwambia muuzaji "punguza", ananuna. Ukimwambia "niongezee, bibi", unapata pilipili mbili na kishada cha kotmiri. Bishania fungu, bei iache.

Kwa samaki ni kinyume. Mnadani mtungo wa changu ni ule ule, dalali ndiye anayeipandisha bei mpaka wachuuzi watazamane. Na huko nyuma ya dalali kuna mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa kiza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haiwaiti, wavuvi wanalala nyumbani. Pweza naye anangoja bamvua, maji yatoke mbali, ndipo kina mama wa Paje na Jambiani waingie mwambani na michokoo yao. Kusi likichafua bahari, vyombo vidogo haviendi mbali. Basi ukikosa dagaa wabichi siku ya mwezi mpevu, usimgombeze muuzaji, tazama kalenda ya Kiislamu kabla hujatoka na kikapu.

Naona kule nyuma mmeshaanza kunong'ona habari za kwenda alasiri. Kweli, jioni bei inalegea, maana barafu nayo inanunuliwa. Lakini funua mashavu ya samaki kwanza. Yakiwa mekundu, chukua. Yakiwa ya kahawia, hata akikupa bure, mwachie.