Mnaniuliza Pesa ya Motokrosi Naitoa Wapi

Hamjambo watu wangu, karibuni tena. Leo hakuna muziki, nimeketi tu jikoni, nje mvua ya Februari haijakatika tangu asubuhi. Kuna swali moja limejaa chini ya video zangu tangu Desemba: "Wewe kazi yako ni kubeba maboksi ghalani. Pesa ya kuzunguka ukiangalia pikipiki zikiruka unaitoa wapi? Si ununulie ndugu yako boda?"

Nitajibu. Najua kabla sijamaliza kuna atakayesema najivuna, na mwingine atasema nimekuja Ulaya kulia. Semeni tu, lakini nisikilizeni kwanza.

Ndugu yangu nilishamnunulia boda. Huu ni mwaka wa tatu yuko nayo stejini pale Makina, Kibera, na deni lake nililimaliza mimi kwa zamu za usiku. Sijawahi kulitaja kwa sababu si jambo la kutangaza. Limeniuma kwa vile anayeandika hayo zaidi ya wote ni mtu wa ukoo wetu, na boda hiyohiyo imempeleka mamake hospitali mara nyingi bila kutozwa hata shilingi. Basi, nimelitoa moyoni.

Huyo ndugu yangu ndiye aliyeniingiza kwenye motokrosi, zile mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo na miruko. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, yeye saba. Jumapili ya mashindano kwenye uwanja wa Jamhuri, Nairobi, sauti ilikuwa inatufikia Kibera tukiwa bado tunatafuta viatu. Yeye alikuwa anatoka mbio na kiatu kimoja. Tiketi hatukuwa nayo, tulisimama nje ya ua, tunameza vumbi jekundu hadi jioni. Alikuwa ananiambia nifumbe macho nitambue pikipiki kwa mlio: injini ya mipigo miwili inalia kama msumeno, ya mipigo minne unaisikia kifuani. Alikuwa hakosei hata mara moja. Mtoto wa miaka saba!

Sasa mimi maisha yamenileta mkoa wa Limburg, hapa Ubelgiji, na kutoka kwangu hadi uwanja wa Lommel ni nusu saa kwa baiskeli. Sikuuchagua mji huu kwa sababu ya motokrosi, kazi ndiyo iliyonileta. Lakini Jumamosi moja ya Januari nilisikia ule mlio kwa mbali, nikageuza baiskeli. Nilisimama pale nikilia, na baridi ilikuwa ya kukata masikio.

Lommel ni mchanga mtupu, mchanga wa kina. Mbio zikianza njia iko sawa, baada ya dakika kumi imekuwa mawimbi, kila shimo linazaa lingine. Kule Jamhuri kwenye udongo mgumu dereva anaweza kupunguza mafuta akapumua. Hapa ukipunguza, gurudumu la mbele linazama na wewe unatupwa. Kwa hiyo dereva anaendesha akiwa wima juu ya pikipiki, uzito nyuma, mafuta wazi, kwa dakika 30 na mizunguko miwili juu yake. Halafu siku hiyohiyo anarudia tena mbio ya pili. Ndiyo maana wakali wengi wa dunia huja kufanya mazoezi hapa msimu wa baridi. Viwanja kama hivi vimebaki vichache upande huu wa Flanders, kaskazini mwa Ubelgiji, vingi vilifungwa kwa malalamiko ya kelele na sheria za mazingira. Mzee mmoja tunayefanya naye kazi kila nikitaja Lommel ananirudisha Namur, mji mwingine wa Ubelgiji, kwenye mbio zilizokuwa zinapita msituni kwenye ngome juu ya mji, hadi 2007. Akianza kusimulia anaacha boksi hewani. Mimi namwelewa kabisa.

Na msimu huu wa 2026 wa ubingwa wa dunia, jamani, silali. Jeffrey Herlings, Mholanzi, mataji yake yote matano ya dunia aliyachukua na pikipiki za KTM, sasa yuko Honda. Tim Gajser wa Slovenia, yeye mataji yake yote matano ni ya Honda, naye amehamia Yamaha. Romain Febvre wa Ufaransa ndiye bingwa wa dunia wa 2025, miaka kumi baada ya taji lake la kwanza la 2015. Na nyuma yake yupo kijana wa hapa Ubelgiji, Lucas Coenen, aliyemaliza wa pili akiwa bado na miaka 18. Herlings 2021 alichukua taji kule Mantova, Italia, kwa pointi 5 tu mbele ya Febvre. Mimi na ndugu yangu tulikuwa kwenye simu usiku ule, bando lake likaisha zimebaki dakika chache. Mpaka leo hajanisamehe kwamba sikumtumia pesa ya bando mapema.

Haya, pesa. Tangu Oktoba naweka euro 10 kila wiki. Sinywi, sivuti, sina gari. Hizo ndizo pesa za tiketi ya Lommel wakati wa kiangazi, na zinazobaki ni za viza ya ndugu yangu, kwa sababu ninataka aje asimame nami pale kwenye mchanga. Mnaouliza bei ya hizo pikipiki: mpya ya injini ya cc 450 ni kama euro 10,000 au zaidi, piga hesabu kwa shilingi uone kama mimi ni mtu wa kuimiliki.

Mwaka jana alinyimwa viza. Ada ya euro 90 hairudi. Mimi nilikuwa nimesaini karatasi ya udhamini, na ukisaini hiyo unabeba gharama zake, matibabu, hata za kumrudisha kwao, kwa miaka 2. Nilipeleka hati za mshahara, mkataba wa nyumba, barua ya mwajiri. Jibu likaja kwamba hawana uhakika atarudi Kenya. Mtu mwenye mke, mtoto na boda! Wengine ndugu zao wamepita na karatasi chache kuliko zangu, kwa hiyo msichukue hii kama mwongozo. Hii ni hali yangu, na mshahara wangu.

Tunajaribu tena. Alhamisi napeleka karatasi manispaa, safari hii na cheti cha ndoa yake na barua ya sako yao ya boda. Machi msimu unafunguliwa Argentina, ambayo iko nyuma ya Nairobi kwa saa 6, kwa hiyo mbio za alasiri kule, kwenu ni usiku. Bando nimeshamtumia. Ameniambia atafunga kazi mapema siku hiyo, na kwamba geti la kuanzia mbio likianguka nifumbe macho nimwambie ni pikipiki gani iko mbele.